Mwani wa mama umewahi kuzaa?

Swali limeletwa na mwalimu wa biolojia wa sekondari, upande wa mashariki wa Unguja. Mama yake analima mwani tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, na miaka yote hiyo hajauona ukitoa ua, tunda wala mbegu. Kila bamvua anakata vipande, anavifunga kwenye kamba, anarudi nyumbani. Mwalimu naye anafundisha kwamba mwani mwekundu una vizazi vitatu vinavyopokezana. "Mama ameniuliza viko wapi hivyo vizazi, nikakosa la kumjibu," anaandika. "Halafu akaniuliza kama ndiyo maana ule mwani wa kotonii unatufia."

Mwalimu, mfikishie mama shikamoo yangu kwanza. Kauliza jambo ambalo watu wa sayansi walihangaika nalo miaka mingi, na kalifikia akiwa amesimama majini, mkononi ana mwani wenyewe.

Vizazi vitatu vipo. Shambani kwake hawezi kuviona kwa sababu kinachokua pale ni kizazi kimoja tu, nacho hukatwa na kufungwa tena kabla hakijapata nafasi ya kumpisha mwenzake. Kinachotuchanganya ni neno "mbegu". Unguja na Pemba wakulima wote wanaita hivyo kile kipande kinachofungwa kwa tai-tai, yaani kijikamba cha kufungia, na mimi pia nikizungumza nao naliita hivyo hivyo. Lakini mbegu ya mpapai au ya mtama ina baba na mama, na ndani yake amelala mmea mwingine ambao haujapata kuwapo duniani. Kipande cha mwani hakina baba wala mama. Ni mwani uleule wa jana, umekatwa tu.

Tuanze hapo kwenye kukata, maana ndipo penye mgawanyiko wa seli ambao mama anauishi kila wiki. Mwani wa kotonii (Kappaphycus alvarezii) na spinosamu (Eucheuma denticulatum) hukua kutoka kwenye ncha. Katika kila tawi, kule juu kabisa, kuna seli za ncha ambazo kazi yake ni kugawanyika. Kabla ya kugawanyika, seli hunakili kromosomu zake zote, zile nyuzi zinazobeba urithi, kisha kiini hugawana nakala hizo sawasawa kwa mitosisi. Seli mbili zinazotokea zina urithi uleule, kama kurasa mbili za fotokopi moja. Ukikata tawi, seli zilizo karibu na kidonda huanza kugawanyika, machipukizi mapya yakatoka, na kila chipukizi likawa na ncha yake.

Ipo tabia moja ya mwani mwekundu ambayo vitabu vya shule huiacha, nami naipenda mno. Seli ya mnazi ikigawanyika, ukuta mpya huanza katikati na kujengwa kuelekea nje mpaka uguse pande zote. Kwenye mwani mwekundu ukuta huanzia nje, unajikunja kuelekea ndani kama mdomo wa mfuko unaovutwa kamba, lakini haufungi kabisa. Katikati hubaki kitundu, na kitundu hicho huzibwa kwa kizibo cha protini. Kwa hiyo seli mbili zilizotokana na mgawanyiko mmoja hubaki na alama ya undugu wao. Ukipata hadubini nzuri na kipande chembamba chenye rangi ya kutosha, utaviona vizibo hivyo, na unaweza kufuata nyayo za mgawanyiko seli kwa seli.

Sasa piga hesabu na wanafunzi wako. Mwani ukikua kwa asilimia 5 kwa siku, uzito wake huwa maradufu kila baada ya siku 14 hivi. Gramu 100 zilizofungwa leo zinakaribia gramu 800 baada ya wiki sita. Kilimo cha biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989, upande wenu wa mashariki, kwa mwani ulioletwa kutoka Ufilipino, ingawa utafiti ulitangulia: Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikuwa akiupigania mwani huu tangu miaka ya 1970. Chukua mavuno manane kwa mwaka, uzidishe kwa miaka iliyopita tangu hapo. Utapata zaidi ya mara 250 za kukata na kufunga, kila mara mitosisi juu ya mitosisi. Kamba ya Jambiani na kamba ya Pemba zinaweza kuwa zimebeba mwili mmoja uliotapakaa baharini. Ndiyo maana nasema mama yako hajapanda mwani mpya tangu aanze. Amekuwa akiuendeleza ule wa kwanza.

Hivyo vizazi vingine vinatoka wapi basi? Vinatoka kwenye meiosisi, na hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu nimewasahihishia wanafunzi wa chuo mitihani mingi na kosa ni lilelile. Tunafundishwa meiosisi kwa mfano wa mnyama: seli yenye seti mbili za kromosomu hugawanyika mara mbili mfululizo, zikapatikana seli nne zenye seti moja moja, na hizo ndizo mbegu za kiume au yai. Mwanafunzi anatoka darasani akiamini kwamba meiosisi huzaa gameti. Kwa mnyama ni kweli. Kwa mimea na mwani mwingi si kweli. Huko meiosisi huzaa spora. Spora yenye seti moja haimtafuti mwenzake. Inatua mahali, inaanza mitosisi peke yake, na kujenga kiumbe kizima chenye seti moja ya kromosomu katika kila seli. Kiumbe hicho ndicho baadaye hutoa gameti, tena kwa mitosisi ya kawaida, kwa kuwa hakina seti ya pili ya kupunguza. Gameti mbili zikikutana, seti mbili hurudi, na kizazi kingine huanza. Mjerumani Wilhelm Hofmeister, aliyejifunza botania mwenyewe huku akifanya kazi katika biashara ya baba yake ya vitabu na muziki mjini Leipzig, ndiye aliyeonyesha mwaka 1851 kwamba kupokezana huko kwa vizazi kunaunganisha kuvumwani, mimea ya spora na hata miti yenye mbegu.

Ukitaka mfano wa nchi kavu, toka nje utazame mnazi. Mnazi wote unaouona, mizizi, shina, makuti na ganda la nazi, ni kizazi chenye seti mbili. Kizazi chenye seti moja kipo, lakini kimepungua mpaka kikawa seli mbili tatu ndani ya chembe ya chavua, na seli chache zaidi zilizojificha ndani ya ua la kike. Na ukifungua dafu, unakunywa kitu cha ajabu zaidi: maji yale yalianza kama kiini kimoja kilichopata seti tatu, mbili za upande wa kike na moja ya kiume, kikagawanyika na kugawanyika bila kujenga kuta. Dafu changa lina viini vingi vinavyoelea. Kuta huja baadaye, kuanzia pembeni, ndipo nyama ya nazi inapofanyika. Wanafunzi wa pwani wasioelewa mgawanyiko wa kiini usiofuatwa na mgawanyiko wa seli, wape dafu.

Turudi majini. Mwani mwekundu kama wa mama hauna kizazi kidogo kilichofichwa kama cha mnazi. Una mimea miwili inayofanana kwa macho, na wa tatu anayeishi mgongoni mwa mama yake.

Mmea wa kwanza una seti mbili. Ndani ya ngozi yake hutokea seli zinazofanya meiosisi, kila moja ikitoa spora nne zilizopangwa kwa mstari mmoja, kama mkate uliokatwa vipande vinne bila kutenganishwa. Hizi huitwa tetraspora. Kwa kawaida mbili kati ya nne huota kuwa mwani dume na mbili kuwa mwani jike, kwa kuwa jinsia imefungwa kwenye urithi wenyewe. Dume na jike hao wana seti moja tu, lakini ukiwaweka kwenye ndoo moja na mzazi wao, hata mimi siwezi kuwatofautisha kwa kutazama tu umbo la matawi.

Dume huachia gameti zake majini. Jike halitoi zake nje. Yai hubaki mwilini na kuchomoza unywele mwembamba wa kunasia. Gameti ya kiume ikinaswa na unywele huo, kiini chake huteremka hadi kwenye yai, seti mbili zikakutana. Mahali pengine kote tungesema sasa mtoto ametungwa, aende zake. Mwani mwekundu haufanyi hivyo. Kile kiini kipya hugawanyika kwa mitosisi palepale ndani ya jike, kikilishwa naye, na kufanya kizazi cha tatu kinachoonekana nje kama kipele. Kipele kikikomaa humwaga spora nyingi, karpospora, zote zikiwa nakala za utungisho ule mmoja. Zikiota, tunarudi kwenye mmea wa kwanza wenye seti mbili.

Kwa nini usumbufu wote huo? Maelezo ninayoyaona kuwa na uzito ni haya. Hakuna hata seli moja ya mwani mwekundu yenye mkia wa kuogelea. Kwenye ule mwani wa kijani laini unaoota juu ya mawe, ulva, gameti huogelea kwa mikia. Dume la mwani mwekundu humwaga gameti zisizojiweza, zinazokwenda zinakopelekwa na maji, kwa hiyo kukutana ni nadra. Basi kila kukutana kukifanikiwa, jike hukuzidisha: utungisho mmoja, maelfu ya spora. Na bahari si kipofu kama tulivyodhani. Mwaka 2022 watafiti wa Roscoff, Ufaransa, walionyesha kwamba kidudu wa jamii ya kaa na kamba, Idotea balthica, akitembea juu ya mwani wa Gracilaria gracilis hubeba gameti za kiume mwilini na kuzifikisha kwa jike, karibu kama nyuki na maua. Nilipoisoma kazi hiyo nilifunga kompyuta nikatoka nje kidogo. Nilikuwa nimefundisha miaka mingi kwamba baharini hakuna uchavushaji.

Kwa nini basi mama havioni vipele? Kwanza, anavuna baada ya wiki sita, na viungo vya uzazi huhitaji muda na hali zake. Pili, shamba la kipande kimoja ni la jinsia moja, au ni la kizazi chenye seti mbili kisicho dume wala jike. Ukipanda kamba elfu za jike mmoja, hakuna baba. Tatu, wakulima wenyewe, tangu kule Ufilipino, wamekuwa wakichagua matawi yanayonenepa haraka. Tawi linalotumia nguvu zake kuzaa lilikuwa likiachwa. Kwa hiyo tumeuchagua utasa bila kukusudia.

Wajapani walipata tatizo hilo kwa sura nyingine. Mwani wao wa nori, ule wanaofungia wali, ulilimwa karne nyingi kwa kusimika fito na nyavu baharini na kungoja. Mwaka mwingine unaota tele, mwaka mwingine haufiki, na hakuna aliyejua spora zinakaa wapi wakati wa kiangazi mwani unapotoweka. Jibu lilitoka Manchester, Uingereza, kwa mwanamke ambaye hakuwahi kufika Japani. Kathleen Drew-Baker alikuwa amepoteza kazi yake ya mshahara chuoni alipoolewa mwaka 1928, akaendelea na utafiti bila ya kazi hiyo. Alikuwa anakuza spora za jamii hiyo ya mwani, akaziwekea magamba ya chaza. Spora zikatoboa magamba na kuenea ndani yake kama madoa ya waridi. Madoa hayo yalikuwa yanajulikana kitambo. Wataalamu waliyapa jina la spishi nyingine kabisa, Conchocelis rosea. Kumbe ni mwani uleule katika kizazi chake kingine! Aliyachapisha hayo mwaka 1949. Huko Japani mtaalamu wa mwani Sokichi Segawa na wenzake wakaichukua habari hiyo, na baada ya muda wakulima wakaanza kulea magamba ya chaza kwenye matangi na kupanda nyavu kwa hakika badala ya kubahatisha. Mwaka 1963 walimjengea mnara huko Uto, mkoa wa Kumamoto, unaotazama bahari ya Ariake, na kila Aprili humkumbuka.

Naileta habari hiyo kwa sababu swali la mama ni lilelile la wakulima wa Ariake, kwa upande wa pili. Wao walikuwa na spora bila ya kujua nyumba yake. Yeye ana nyumba isiyo na spora.

Sasa kotonii. Ukosefu wa uzazi hauui mwani. Spinosamu wa mama nao hupandwa kwa vipande, na bado unasimama. Kinachoua kotonii ni joto. Kwenye kina kifupi, jua la kaskazi hupandisha maji kupita nyuzi 30, mwani unadhoofika, bakteria wanaingia, matawi yanapauka na kukatika. Ndiyo maradhi yanayoitwa aisi-aisi. Mwani mwembamba wa nyuzi unaoota juu ya matawi huongeza taabu. Kotonii ni mdhaifu kwa joto kuliko mwenzake, na kwa bahati mbaya ndio unaopata bei nzuri zaidi kwa sababu ya aina ya karaginani iliyomo, ile ute wa mwani unaogandisha vyakula.

Lakini hapa ndipo kukosa vizazi kunapomuumiza mkulima. Shamba lililotokana na dume na jike lingekuwa na mimea elfu tofauti, na joto likipanda, kumi kati yake zingebaki, nazo zingekuwa mbegu za mwaka ujao. Shamba la kipande kimoja hufa lote au kupona lote. Mitosisi huwa inakosea mara chache, na makosa mengine hudumu, hata tofauti za rangi tunazoziona, kijani, kahawia na nyekundu, huhifadhiwa kwa vipande kizazi hadi kizazi. Makosa hayo ni machache mno kuweza kukimbizana na bahari inayopata joto kwa kasi hii.

Tuna somo hili nyumbani. Muhogo nao hupandwa kwa vipande vya shina, na virusi vya batobato huhamia pamoja na kipande. Kuanzia miaka ya 1930 pale Amani, milima ya Usambara, watafiti H. H. Storey na mwenzake R. F. W. Nichols hawakuishia kutafuta kipande kizuri zaidi. Waliuacha muhogo utoe maua, wakauchanganya na jamaa yake wa porini anayetoa mpira, Manihot glaziovii, wakapanda mbegu za kweli na kuchagua miche iliyostahimili. Ustahimilivu uliozalishwa Amani ulisafiri baadaye hadi Afrika Magharibi. Mkulima aliendelea kupanda vipande kama zamani, ila vipande vilitokana na ndoa mpya.

Kwa mwani kazi hiyo imeanza lakini iko nyuma sana. Nchini Brazil, Edison de Paula na wenzake walichapisha mwaka 1999 uchaguzi wa miche ya Kappaphycus iliyooteshwa kutoka kwenye tetraspora, na ikaonekana miche hiyo haifanani ukuaji, jambo ambalo ndilo tunalolitaka. Pwani yetu ina Eucheuma na Kappaphycus wake wa asili miambani, wenye urithi tofauti na ule ulioletwa. Kwangu mimi hiyo ni hazina, na inanisikitisha kuona tunaagiza vipande vya mbali kabla ya kuupima mwani wa mwamba wetu. Kwa sasa, mama akiweza, ushauri wa mtafiti wa mwani Dk. Flower Msuya na wenzake wa Zanzibar wa kupeleka kotonii kwenye maji ya kina zaidi ndio wenye mashiko. Ugumu wake ni kwamba unahitaji chombo na kujua kuogelea, na wanawake wengi wanaolima hawajapewa nafasi hiyo. Na kabla ya kaskazi, akate mbegu kwenye matawi yaliyobaki na rangi wakati ya jirani yamepauka. Ni uchaguzi mdogo, lakini ni bora kuliko kukata popote.

Kwa darasa lako usitumie mwani wa shambani, mtapoteza siku. Bamvua lijalo, maji yakitoka, waende kwenye mawe watafute Gracilaria, mwani mwekundu wa matawi ya mviringo. Wapapase. Mwingine ni laini mwanzo hadi mwisho. Mwingine una vipele vya kama milimita moja, vigumu, vilivyochomoza kama chuchu: huyo ni jike aliyebeba kizazi cha tatu. Mleteni shuleni ndani ya maji ya bahari, msimweke juani. Mkate matawi mafupi yenye vipele, myasuuze, myaache kivulini juu ya kitambaa kibichi kwa saa moja, kisha myalaze juu ya vioo vya hadubini ndani ya bakuli la maji ya bahari yaliyochujwa kwa kitambaa safi. Asubuhi ondoeni matawi. Kwenye kioo, mahali palipokuwa na kipele, mtakuta vumbi jekundu. Kila punje ni karpospora moja. Badilisheni maji kila baada ya siku mbili, bakuli likae dirishani lisipigwe na jua moja kwa moja, na mtazame punje moja hiyohiyo kila siku: itakuwa seli mbili, kisha nne, kisha kijisahani kilichogandamana na kioo. Wiki ya pili au ya tatu kijisahani huanza kuinua ncha.

Siku hiyo mwite mama aje aweke jicho kwenye hadubini.